Sita iliyosomeka nane: uchambuzi wa kisa cha ramani iliyotumwa kama picha

Kisa hiki kilitokea katika ofisi ndogo ya kuchora ramani za majengo. Nilikuwemo, na kosa la kwanza lilitoka mezani kwangu. Majina, mji, tarehe na namba ya kiwanja nimeviondoa. Vipimo vya nyumba nimevibakiza, kwa kuwa kisa chenyewe kimesimama juu ya tarakimu moja tu.

Usuli

Mteja ni mama anayefanya kazi katika nchi mojawapo ya Ghuba. Alikuwa anajenga kwao, mji wa pwani ya Tanzania, nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu kwenye kiwanja chembamba. Msimamizi wake saiti alikuwa mdogo wake wa kiume, muuza vipuri vya pikipiki, mwaminifu sana lakini asiye na mafunzo ya ujenzi. Fundi alikuwa mtu mzima, mkongwe wa kazi, anayesoma ramani vizuri akiipata kwenye karatasi.

Ramani niliichora kwa AutoCAD, programu ya kuchorea ya kompyuta, na kuipanga kwenye karatasi moja ya A1, yaani milimita 841 kwa 594. Humo ndani kulikuwa na msingi, sakafu, paa, mkato mmoja, sura nne za nyumba na jedwali la milango na madirisha, sehemu kubwa kwa skeli ya 1:50, yaani milimita moja ya karatasi ni milimita 50 za nyumba. Tarakimu za vipimo zilikuwa na urefu wa milimita 2.5 kwenye karatasi. Kwa A1 iliyotandazwa juu ya meza, herufi hizo zinasomeka bila miwani.

Kibali cha ujenzi kilikuwa kimetoka. Nakala ya karatasi kwa ajili ya saiti ilikuwa bado, kwa sababu duka lenye printa ya A1 liko mbali na malipo ya awamu ya pili yalikuwa hayajaingia. Fundi alishaahidiwa kuanza Jumatatu.

Picha ya kwanza, nyeusi

Ijumaa jioni mteja akanipigia: "Kaka, nitumie picha tu. Hiyo PDF mdogo wangu anasema haimfungukii." Nilikuwa nafunga ofisi. Nikafungua faili na kuandika amri ya JPGOUT, nikachagua mchoro wote na kutuma kwa WhatsApp.

JPGOUT hutoa kile kilichoko kwenye skrini kama kilivyo. Skrini yangu ilikuwa na mandharinyuma meusi, vipimo vya rangi ya njano, na leya (tabaka la mchoro) ya samani ikiwa imewashwa. Msimamizi alipeleka picha hiyo steshenari ikatoka karatasi ya A4 nyeusi tii, yenye mistari hafifu kama mikwaruzo. Mwenye steshenari alidai bei mara tatu kwa wino uliokwenda, na kwa kweli hakukosea.

Jumamosi nikageuza mandharinyuma kuwa meupe nikarudia. Mistari ya rangi namba 7 inageuka yenyewe: nyeupe kwenye nyeusi, nyeusi kwenye nyeupe. Lakini njano inabaki njano, na njano juu ya nyeupe ni sawa na kuandika kwa maziwa. Vipimo vyote vikapotea machoni.

Picha ya pili, iliyopendeza

Hapo nikafanya kile nilichodhani ni kazi safi. Niliacha amri za haraka, nikaingia kwenye leyauti (ukurasa wa kuchapia) ya A1, nikachagua printa ya ndani ya programu iitwayo PublishToWeb JPG, nikaweka jedwali la kalamu la monochrome.ctb ili kila rangi itoke nyeusi, nikazima samani. Ukubwa wa picha niliuacha ulivyokuja: pikseli, yaani nukta za picha, 1600 kwa 1280.

Kwenye kompyuta yangu ilipendeza. Nilivuta karibu, nikasoma 3600, nikasoma 2400, nikasoma 4200, nikatuma. Leo najua sikuwa nasoma. Nilikuwa nakumbuka. Vipimo vile nimeviandika mwenyewe, jicho langu lilikuwa linajaza palipovunjika.

Hesabu ilikuwa rahisi na sikuifanya. Karatasi ya milimita 841 ikigawiwa pikseli 1600, kila milimita inapata pikseli 1.9. Tarakimu ya milimita 2.5 inapata pikseli zisizofika 5 kwa urefu. Ndani ya pikseli 5 tofauti ya 6 na 8 ni nukta moja ya juu kulia: ikiwepo ni nane, isipokuwepo ni sita. Na picha ya JPEG hubanwa kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, kwa hiyo tarakimu nzima pamoja na kipande cha mstari wa ukuta vilikuwa ndani ya kipande kimoja, vikichafuana. Ule vumbivumbi wa kijivu unaouona pembeni mwa herufi kwenye picha za namna hii ndio huo.

Kilichotokea saiti

Msimamizi alipokea picha, akaona ni ndogo, akaikata abaki na sehemu ya msingi peke yake, kisha akamtumia fundi. Kwa akili yake alikuwa anamrahisishia mzee. Katika kukata, alikata na mstari wa nje kabisa wa vipimo, ule wenye kipimo cha jumla cha mbele ya nyumba: milimita 10200.

Vilivyobaki ni vipimo vya mfululizo, kati kwa kati ya kuta: 3600, 2400, 4200. Fundi aliona 3800, 2400, 4200. Jumla 10400, lakini hakukuwa na jumla ya kulinganisha nayo.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini 3800 haikumshtua, jibu lake lilinifundisha zaidi ya mafunzo yoyote ya programu. "Injinia, mimi chumba nakisikia kwa futi. Hiyo ni kumi na mbili na nusu. Ni chumba cha kawaida kabisa." Ni kweli, futi 12 na nusu ni milimita 3810. Kama picha ingemwonyesha 3900 au 3300 huenda angesita, lakini kosa lilimwangukia penye kipimo anachokijenga kila mwaka.

Alipiga kamba, akahakikisha pembe kwa tatu-nne-tano (pembetatu yenye pande hizo ina kona ya mraba), na pembe zote zikakaa sawa. Kipimo hicho hukagua kona tu. Urefu wa ukuta hakiugusi. Mtaro ukachimbwa, zege la msingi la upana wa milimita 600 likamwagwa, kozi (safu) mbili za tofali zikapandishwa. Kwa kuwa alianzia kona ya upande wa barabara, milimita 200 za ziada zote zilikwenda upande wa jirani. Ramani ya kibali ilionyesha nafasi ya 1500 hadi mpakani. Ikabaki 1300.

Kulikuwa na tukio la pili, dogo, ambalo nalitaja kwa sababu linamwonyesha fundi alivyo. Alitaka umbali wa dirisha la stoo kutoka kwenye kona, kipimo ambacho mimi sikukiandika. Alikuwa na karatasi ya A4 iliyotolewa steshenari kutoka kwenye ile picha nzima, na chini yake imeandikwa 1:50. Akapima kwa rula, akapata milimita sita na kitu, akazidisha kwa 50, akapata dirisha lililoko sentimita 32 kutoka konani. Akasema ramani inadanganya, na hakukosea: karatasi ya A1 ikibanwa hadi A4, skeli ya 1:50 inakuwa karibu 1:141. Alichofanya ni kupima kwa rula chumba chenye kipimo cha 4200, akakuta milimita 30 kasorobo, akagawanya, akajua kila milimita ni kama sentimita 14, kisha akaweka dirisha lake sentimita 90 hivi kutoka kwenye kona. Alipatia. Lakini alipatia kwa bahati ya rula, maana kukosea nusu milimita hapo ni kukosea sentimita 7 ukutani.

Siku ya kugundua, na uamuzi

Nilikwenda kukagua msingi kabla ya kufukia. Nilivuta futikamba mbele ya nyumba, ikasoma 10400. Nikadhani imelegea, nikavuta tena. Kisha nikaomba kuona simu ya fundi.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuacha msingi ulivyo na kubadili ramani. Mteja aliipenda: "Chumba kikiwa kikubwa kidogo kuna ubaya gani?" Ubaya ulikuwa mpakani. Kibali kilitolewa kwa 1500, na jirani wa upande ule ndiye alikuwa wa kwanza kuja kuangalia bikoni siku ya kuchimba. Bosi hakutaka nyumba ianze na ugomvi ambao mwenye nyumba hayupo kuumaliza. Tena paa lilishahesabiwa na mbao zilikuwa zimeagizwa.

Njia ya pili ilikuwa kubomoa kozi mbili za upande ule na kuurudisha ukuta ndani. Ugumu wake: ukuta ukisogea 200 juu ya zege la upana wa 600 unakaa ukingoni kabisa, hivyo ilibidi tuchimbe upande wa ndani na kuongeza zege, siyo kuhamisha tofali tu. Tulichagua hii. Ofisi ililipia saruji, mchanga na kokoto. Fundi alifanya kazi siku mbili bila malipo, kwa hiari yake, akisema naye alipaswa kupiga simu. Sikukubaliana naye wakati ule na sikubaliani naye leo. Mtu aliyepewa nane hawezi kulaumiwa kwa kutoona sita.

Marekebisho: mara mbili tulikosea dawa

Dawa ya kwanza iliyotujia ilikuwa picha kubwa zaidi. Nikatoa PDF ya A1, nikaigeuza kuwa PNG kwa nukta 300 kwa inchi: pikseli 9933 kwa 7016. Nikaituma kama picha nikiwa na furaha. Msimamizi akajibu kwa sauti: "Mbona ni ileile?"

Na ilikuwa ileile. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya picha, WhatsApp huipunguza hadi karibu pikseli 1600 upande mrefu na kuibana kwa JPEG. Ukipeleka elfu tisa au elfu mbili, inayofika ni ileile. PNG yangu isiyopoteza kitu iligeuzwa njiani. Tangu 2023 kuna chaguo la HD, na linasaidia, lakini linategemea kila mtu katika mnyororo kukumbuka kulibonyeza, na kila anayekata na kutuma upya anaianzisha safari upya.

Dawa ya pili: kuituma kama dokumenti badala ya picha. Hapo faili linafika bila kuguswa. Lilifika, na simu ya fundi ikaganda. Faili lilikuwa la megabaiti chache, lakini simu inapolifungua inabidi iweke pikseli karibu milioni 70 kwenye kumbukumbu, kila moja kwa baiti 4: megabaiti karibu 280 kwa ajili ya picha moja, kwenye simu ya bei ya chini yenye mambo mengine kumi yaliyofunguliwa. Fundi aliizima akaiwasha, kisha akarudi kwenye picha ya zamani iliyokuwa bado imo kwenye simu. Hili la kurudi kwenye ya zamani ndilo lililonikosesha usingizi kuliko lile la simu kuganda.

Dawa iliyofaa ilianza na swali la mwanafunzi mmoja wa mafunzo ya vitendo pale ofisini: "Kwani lazima aone paa akiwa anachimba msingi?" Si lazima. Tukaacha kuhangaika na ukubwa wa picha, tukapunguza kilichomo.

Nilitengeneza leyauti mpya za A4, moja kwa kila kazi. Msingi wenye upana wa mita 10.2 kwa skeli ya 1:50 ni milimita 204, unaingia vizuri ndani ya karatasi ya milimita 297 pamoja na vipimo vyake. Sasa pikseli 1600 zinagawiwa milimita 297 badala ya 841: pikseli 5.4 kwa milimita. Tarakimu ya 2.5 ikapanda kutoka pikseli chini ya 5 hadi 13. Nikaongeza urefu wa tarakimu kuwa milimita 3.5, zikafika karibu 19. Kwa macho ya watu watatu tofauti kwenye simu tatu tofauti, tarakimu za pikseli 19 hazikukosewa hata mara moja. Kwa pikseli 13 mmoja wetu alisita penye 5 na 6.

Kutoka kwenye AutoCAD natoa kwa printa ya ndani iitwayo DWG To PDF, kalamu ya monochrome, kisha PDF naigeuza kwa programu ya bure ya pdftoppm, kwa mstari mmoja:

pdftoppm -png -gray -scale-to 1600 msingi.pdf msingi

Hiyo 1600 ni ya makusudi. Picha ikiondoka kwangu ikiwa tayari na ukubwa utakaopita, kazi ya kuipunguza inafanyika mezani kwangu, na ninachokiona ndicho kitakachoonekana kule, ukiacha ubanaji wa JPEG. Kuipitisha kwanza kwenye PDF kuna faida nyingine: unene wa mistari unakuja kama ulivyopangwa kwa milimita, wakati zile printa za picha za ndani ya programu zinahesabu karatasi kwa pikseli na skeli inakuwa ngumu kuisimamia.

Matokeo

Picha nane zilichukua nafasi ya ile moja: msingi, kuta, milango na madirisha, linta, paa, mkato, choo na shimo lake, sura. Kuanzia kozi ya tatu hadi paa hakukuwa na kipimo kilichokosewa kwa sababu ya kusoma. Kulikuwa na kosa moja la mlango uliofunguka upande usio wake, lakini hilo lilikuwa kwenye ramani yenyewe na lilikuwa langu.

Steshenari nayo ikawa rafiki. Picha ya A4 ikiprintiwa kwenye A4 inakaribia skeli yake ya kweli. Inakaribia tu, maana mashine nyingi hupunguza kidogo ili kuacha ukingo. Ndiyo sababu kila picha sasa ina mstari wa mita 5 uliogawanywa kwa mita moja moja. Picha ikibanwa, mstari unabanwa nayo, na anayepima kwa rula ana cha kulinganisha. Maandishi "1:50" nimeyaondoa kabisa kwenye picha. Yamebaki kwenye karatasi ya A1, mahali pekee yanapokuwa kweli.

Uchambuzi

Watu wengi niliowasimulia wanasema kosa lilikuwa kutumia WhatsApp. Sikubali. Ilikuwa njia iliyokuwepo, na mteja akiwa Ghuba, msimamizi dukani na fundi saiti, hakuna nyingine ambayo ingewafikia wote siku ileile. PDF ya mistari ingekuwa bora kwa usomaji, maana unaivuta karibu bila kuvunjika, na siku hizi naituma pamoja na picha. Lakini nilimwona fundi anavyofanya kazi: anachora duara kwa kidole juu ya picha, anarudisha na ujumbe wa sauti, "hapa injinia, hapa." Picha ndiyo lugha ya saiti. Bosi naye ana sababu yake ya kuipenda: faili la DWG, yaani mchoro wenyewe wa AutoCAD, likishatoka ofisini, kesho unaikuta nyumba yako imejengwa mtaa wa pili.

Kosa langu lilikuwa kuikagua picha kwa jicho la aliyeichora, kwenye skrini kubwa, kabla haijasafiri. Sasa picha naituma kwanza kwenye simu ya ofisini, ile yenye kioo kilichopasuka, na anayeisoma kwa sauti ni mtu ambaye hakuchora. Inachukua dakika tano.

Kosa la pili lilikuwa kipimo cha jumla kukaa mahali panapokatika. Vipimo vya mfululizo bila jumla ni kama daftari la duka bila hesabu ya jioni. Tulichofanya ni kuileta jumla ndani, chini ya jina la mchoro, kwa maneno: "Mbele jumla 10200". Ukikata picha hadi hiyo ipotee, umekata na jina la mchoro, na hapo mtu ataona kuna kitu kimeondoka.

Lile la fundi kurudi kwenye picha ya zamani tulilitibu nusu. Kila picha ina toleo na tarehe katikati ya mchoro, ndani ya sebule mahali patupu, siyo kwenye kisanduku cha pembeni. Herufi ya toleo ni kubwa kama mlango. Hata hivyo hakuna kinachoiondoa ya zamani kwenye simu ya mtu. Tunampigia na kumwomba aifute tukiwa naye hewani. Wengine hufuta, wengine hucheka.

Picha za sura za nyumba bado hazijakaa sawa. Michoro ya vigae vya paa, ile mistari mingi iliyokaribiana, ikipunguzwa hadi pikseli 1600 hutoa mawimbi ambayo hayapo kwenye ramani. Mteja mmoja ameshaniuliza mabati ya namna hiyo yanauzwa wapi. Kwa sasa nazima leya ya vigae kabla ya kutoa picha, na paa linabaki jeupe.